Spini ya elektroni kwenye fulerini zenye metali: tusilaumu kizimba kabla ya kuwatazama majirani

#1 Kizimba82 (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila mara mjadala wa kyubiti za molekuli (vipande vya habari vya kompyuta ya kwanta) unapoibuka humu, fulerini (kizimba cha atomi za kaboni) inayotajwa ni moja tu: C60 yenye atomi ya nitrojeni ndani. Zile zenye metali, yaani lanthani, skandi na itri, hupitiwa juu juu kwa kauli moja: "hizo spini yake haidumu." Spini ni ile sumaku ndogo ya elektroni. Nimeshika molekuli hizi kwa miaka kadhaa na kauli hiyo inaniuma. Iliaminiwa na wengi hadi 2010, kisha vipimo vikaibomoa, lakini bado inazunguka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa wageni wa mada, tuanze mwanzo. C60 iligunduliwa 1985 katika Chuo Kikuu cha Rice, Houston, na Kroto, Curl na Smalley wakapata Nobeli ya kemia 1996. Wengi hawajui kwamba mwaka ule ule wa 1985 kundi hilo hilo lilishaona dalili za lanthani kukaa ndani ya mpira wa kaboni. Ile alama ya @ tunayoandika, mfano La@C82, ilianza kutumika 1991: kilicho kushoto kimo ndani ya kilicho kulia.

Sasa tazameni hesabu ya elektroni, maana kila kitu kinatokea hapo. Lanthani ikiingia ndani ya C82 huachia elektroni zake tatu zikahamia kwenye ganda la kaboni. Mbili zinapata wenza. Ya tatu inabaki peke yake, imetandazwa juu ya kizimba. Hiyo pweke ndiyo kyubiti yetu. Itri ndani ya C82 hufanya vivyo hivyo, na skandi pia huacha elektroni moja pweke.

Tunajuaje kwamba iko juu ya kizimba na si kwenye metali? Kwa kuitazama kwenye mashine ya mwitiko wa spini. Kiini cha lanthani kina spini 7/2, kwa hiyo mstari mmoja wa elektroni hugawanyika kuwa minane. Lakini nafasi kati ya mstari na mstari ni militesla (kipimo cha uga wa sumaku) 0.115 tu. Elektroni ingekuwa imejibanza kwenye metali, nafasi hiyo ingekuwa kubwa mara nyingi. Kwa skandi ni militesla 0.38, kwa itri 0.049. Ni mguso mdogo sana. Elektroni inaijua metali kwa mbali tu, kama mtu anayesikia jina la jirani wa mtaa wa pili.

Hapo ndipo hoja ya "haidumu" ilipotokea. Watu walisema: ikiwa elektroni imetoka nje ya kizimba, imeanikwa, basi kila kitu kitaivuruga. Vipimo vya awali vilitoa maikrosekunde chache, wakaridhika.

Mwaka 2010 watafiti wa Oxford walipima upya Y@C82, Sc@C82 na La@C82, safari hii wakibadilisha kiyeyushi na jotoridi kwa makusudi. Ndani ya kiyeyushi cha otho-terfenili ambacho hidrojeni zake zimebadilishwa kuwa deuteri (hidrojeni nzito), muda wa kushikamana kwa awamu, T2, ulipita maikrosekunde 200 kwa zote tatu. Ni zaidi ya mara mia ya kilichokuwa kimeripotiwa kabla.

Molekuli zilikuwa zile zile, na elektroni ilikuwa bado juu ya ganda. Kilichobadilika ni majirani. Hiyo ndiyo hoja yangu ya uzi huu, na nipo tayari kuitetea.

#2 MgeniWaFizikia

Asante mkuu kwa uzi. Mimi si wa fani, nasoma kwa hamu tu. Maswali mawili.

Kwanza, T2 ni nini hasa? Naona pia watu wanataja T1.

Pili, maikrosekunde 200 ni chini ya elfu moja ya sekunde. Mnafurahia nini hapo?

#3 Kizimba82

Karibu sana ndugu, maswali yako ni ya msingi.

Chukua wapiga ngoma wengi walioanza pigo kwa pamoja. T1 ni muda hadi wachoke na kuacha kupiga: spini inarudi kwenye utulivu wake kwa kutoa nishati kwa mitetemo ya mazingira. T2 ni muda hadi wapotezane pigo: kila mmoja bado anapiga, lakini huyu kawahi, yule kachelewa, na ukisikiliza kwa mbali hausikii mdundo tena, unasikia kelele. Kompyuta ya kwanta inahifadhi habari kwenye mdundo huo, kwa hiyo T2 ndiyo inayobana. Na kanuni inasema T2 haiwezi kuzidi mara mbili ya T1.

Kuhusu ufupi wa muda, usiupime kwa saa ya ukutani, upime kwa urefu wa tendo moja. Pigo la maikrowevu linalogeuza spini linaweza kuchukua nanosekunde 20 hivi. Gawanya maikrosekunde 200 kwa nanosekunde 20: unapata matendo 10,000 kabla mdundo haujapotea. Kwa maikrosekunde 2 unapata 100 tu. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa hata kidogo.

#4 FundiSumaku

Mleta uzi, naheshimu kazi yako lakini lazima nipinge. N@C60 bado ni bingwa. Nitrojeni imekaa katikati kabisa ya mpira, haijatoa wala kupokea elektroni, spini yake ni 3/2 na yote imo ndani. Oxford hao hao waliripoti milisekunde 0.25 ndani ya kaboni disalfaidi kwenye kelvini 170. Kelvini 170, mkuu! Wewe maikrosekunde zako 200 unazipata kwenye baridi ya kelvini chache. Ukishapasha, zinabaki ngapi?

Pia umesema elektroni iko nje. Basi kizimba kina faida gani? Si ni molekuli yoyote tu yenye elektroni pweke?

#5 Kizimba82

FundiSumaku, umeuliza vizuri na sitakwepa.

Kuhusu jotoridi uko sahihi. Kwenye fulerini zenye metali, ukipasha joto, mitetemo ya metali dhidi ya kizimba inaamka, na kupitia mfungamano wa spini na mzunguko wa elektroni inafupisha T1. T1 ikishuka, T2 inaburutwa nayo. N@C60 imeepuka sehemu kubwa ya hayo kwa sababu nitrojeni haijafungamana na ganda. Hapo sina ubishi.

Lakini kizimba si pambo. Kwanza, kimetengenezwa kwa kaboni, na asilimia 98.9 ya kaboni ya kawaida ni kaboni 12 isiyo na spini ya kiini. Piga hesabu: kwa atomi 82, wastani ni chini kidogo ya atomi moja ya kaboni 13, ile yenye spini ya kiini, kwa kila molekuli, na takriban asilimia 41 ya molekuli hazina hata moja. Elektroni imelazwa kwenye kitanda kisicho na kelele za sumaku. Molekuli nyingi zenye elektroni pweke zimejaa hidrojeni, na kila hidrojeni ni sumaku ndogo inayoyumba karibu na kyubiti yako. Pili, ganda linailinda metali isiguswe na hewa wala kemikali. Unaweza kuiyeyusha, kuichuja kwenye safu (bomba la kutenganishia molekuli), kuihifadhi na kuipima tena baadaye.

Sasa upande wa N@C60 ambao haukuutaja. Hutengenezwa kwa kurushia ioni za nitrojeni kwenye C60, na unapata molekuli moja kati ya elfu kumi, mara nyingi pungufu. Kuitenga na C60 tupu ni mateso, kwa sababu kwa nje zinafanana karibu kabisa. Unazungusha kwenye safu tena na tena. Na ukiipasha sana nitrojeni inatoroka, kwa hiyo kemia ya moto huiwezi. La@C82 ina umbo na umeme tofauti na fulerini tupu, kwa hiyo kwenye safu inaachana nazo, na metali haitoki kirahisi.

Halafu kuna hili ambalo naona ndilo kubwa zaidi. Spini iliyofichwa kabisa katikati ya mpira haisumbuliwi, ila na wewe huifikii. Ukitaka kyubiti mbili zizungumze, au usome moja kwa njia ya umeme, unahitaji elektroni inayogusa nje kidogo. Ile ya La@C82 inagusa. Kuanikwa huko mnakoita ugonjwa, kwenye kifaa ndiko mlango.

#6 BiKemia

Habari wakuu. Nimefurahi kuukuta uzi huu kwa sababu nimekwama wiki ya tatu sasa.

Ninayo La@C82 safi, nimeipitisha kwenye safu mpaka nikapata kilele kimoja. Nikaiyeyusha kwenye toluini, nikaweka kwenye mrija wa kwatzi, nikaugandisha na kupima kwa mwangwi wa mapigo mawili. Mistari minane naiona vizuri kabla ya kuganda. Lakini kwenye baridi T2 yangu ni kama maikrosekunde 3, na kwa kipindi kifupi cha kusubiri tayari mwangwi umezama kwenye kelele. Msimamizi wangu anasema ndivyo molekuli ilivyo, niandike matokeo niendelee. Nikisoma post namba 1 moyo unakataa.

#7 Kizimba82

Dada, usiandike bado. Nijibu haya:

Mkolezo wako ni kiasi gani? Uliitoa oksijeni, na kwa njia gani? Uligandisha haraka au polepole? Na mrija ukiutoa kwenye baridi, ndani panaonekana pa kung'aa kama kioo au pana ukungu mweupe?

#8 BiKemia

Mkolezo ni kama milimola 1 kwa lita. Oksijeni nilipulizia agoni dakika kadhaa, sikufanya zaidi. Niliuteremsha mrija taratibu kwa kuogopa kwatzi isipasuke. Na ndiyo, ndani kulikuwa na weupe kama maziwa yaliyochanganywa maji, na rangi ya kahawia imejikusanya mistari mistari. Nilidhani ni kawaida.

#9 MwangwiWaPili

Naomba niingie hapa, maana hesabu hii naipenda.

Elektroni mbili zikiwa nanomita 1 kutoka kwa mwenzake, mvutano wao wa kisumaku ni kama megahezi 52, na unapungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Nanomita 10: kilohezi 52. Nanomita 30: kilohezi 2 hivi.

Kwa milimola 1 iliyotawanyika sawasawa, wastani wa umbali ni karibu nanomita 12. Mvutano hapo ni kilohezi 30 na kitu, na mzunguko wake mmoja unachukua maikrosekunde kama 30. Kwa hiyo mkolezo peke yake hauelezi maikrosekunde 3. Ila dada amesema weupe na mistari ya kahawia. Maana yake toluini iliganda ikawa fuwele badala ya kioo, na fuwele inapokua inasukuma nje kila kisicho chake. Fulerini zimesukumwa mpaka kwenye mipaka ya fuwele na kubanana huko, pengine zimegusana. Humo umbali si nanomita 12 tena, ni nanomita moja au mbili, na tumerudi kwenye megahezi. Huo hauwezi kuitwa udhaifu wa molekuli. Ni msongamano.

Niongeze kwa MgeniWaFizikia kama anafuatilia: mwangwi ni mbinu ya Erwin Hahn ya 1950. Unapiga spini pigo la kwanza, unasubiri, zinaachana mwendo kwa sababu kila moja iko kwenye uga wa sumaku tofauti kidogo. Unapiga pigo la pili linalozigeuza, na zile zilizotangulia sasa zinajikuta nyuma kwa kiasi kile kile. Baada ya muda ule ule wa kusubiri zinakutana tena na mashine inasikia mwangwi. Kama uga wa kila spini haukubadilika katikati, mwangwi unarudi mzima. Kama majirani waliyumba wakati wa kusubiri, kuna ambazo hazirudi. Kwa hiyo mwangwi unafuta tofauti tulivu na kukuonyesha vurugu halisi tu. Ndiyo maana tunaupenda.

#10 Kizimba82

MwangwiWaPili kamaliza. Naongeza upande wa mikono, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kupoteza miezi kwa kosa hili hili la oksijeni.

BiKemia, kupulizia agoni hakutoshi. Molekuli ya oksijeni yenyewe ina elektroni mbili pweke, ni sumaku inayotembea ndani ya sampuli yako. Fanya hivi: unganisha mrija kwenye mashine ya kuvuta hewa, gandisha myeyusho kwa nitrojeni kimiminika, vuta, funga valvu, acha uyeyuke. Wakati unayeyuka angalia kwa karibu sana: utaona viputo vidogo vidogo vikipanda kutoka kwenye sehemu iliyoanza kulainika. Hiyo ni hewa iliyokuwa imefungwa ndani. Rudia. Mara ya pili viputo vinapungua. Mara ya tatu au ya nne barafu inayeyuka kimya kabisa, hakuna kinachopanda, na hapo ndipo unaufunga mrija kwa moto. Mimi nilikuwa naishia mara mbili kwa haraka zangu.

Tahadhari, na nasema hili kwa uzito: oksijeni huwa kimiminika kwenye kelvini 90, na nitrojeni kimiminika iko 77. Kama kuna mahali panapovuja, hewa inaingia na oksijeni inajikusanya ndani ya mrija. Ukiona kimiminika cha bluu hafifu, usifunge na usikimbilie kukiondoa kwenye baridi kikiwa kimefungwa. Fungua njia ya hewa kwanza, kisha sogea mbali.

Kuhusu kiyeyushi. Toluini ina hidrojeni, na mbaya zaidi ina kundi la methili (kaboni moja yenye hidrojeni tatu) linalozunguka hata kwenye baridi kali. Kila likizunguka, hidrojeni tatu zinabadilisha nafasi na uga unaoipata elektroni unatikisika. Unaweza kuigandisha ikawa kioo kwa kuizamisha haraka, na utaona nafuu, lakini hidrojeni zitabaki. Otho-terfenili haina methili. Ni yabisi kwenye joto la chumba, inayeyuka karibu nyuzi 57, na ukiizamisha haraka kutoka hali ya kimiminika inaganda kama kioo safi. Chukua ile ya deuteri. Sumaku ya kiini cha deuteri ni dhaifu kama mara tatu na robo kuliko ya hidrojeni, na tofauti hiyo utaiona kwa macho kwenye mkia wa mwangwi.

Mkolezo shusha hadi maikromola 50 kwa lita au chini. Hapo wastani wa umbali unapita nanomita 30. Ishara itakuwa ndogo, itabidi ukusanye kwa muda mrefu zaidi. Vumilia.

Na usiogope kuzamisha. Kwatzi nzuri haipasuki kwa baridi ya ghafla. Inayopasua ni myeyusho mwingi unaotanuka ukiyeyuka. Jaza kidogo tu.

#11 FundiSumaku

Nimekubali hoja ya kiyeyushi. Lakini mbona hamtaji metali ya disprosi (Dy)? DySc2N@C80 ilitangazwa 2012 kuwa sumaku ya molekuli moja, na 2017 kikundi cha Dresden kikatoa Dy2@C80 iliyounganishwa na kundi la benzili, inayoshika sumaku kwa sekunde 100 kwenye kelvini 18. Sekunde 100! Ukizungumzia spini inayodumu, hiyo ndiyo.

#12 Kizimba82

Mkuu, hapa ndipo watu wengi wanachanganya, na nashukuru umelileta.

Kudumu huko ni kwa aina nyingine. Spini ya disprosi imesimama wima, juu au chini, na kizuizi cha nishati kinaizuia isigeuke. Kwa lugha ya awali, ni ndugu wa T1. Ni nzuri sana kwa kuhifadhi habari ya kawaida, 0 au 1. Kyubiti inahitaji mchanganyiko wa juu na chini ushike awamu yake, na hiyo ni T2. Molekuli inaweza kukaa wima sekunde 100 huku mchanganyiko wake ukivurugika kwa kasi. Zaidi ya hayo, kizuizi kile kile kinachoizuia isianguke kinafanya iwe vigumu kuigeuza kwa maikrowevu. Sisemi disprosi haina maana. Nasema tusiiweke kwenye shindano ambalo haikuingia.

Hata hivyo molekuli ile ya 2017 ina somo zuri: siri yake ni elektroni moja pweke iliyokwama kati ya metali mbili. Na hilo linanipeleka kwenye molekuli ninayoipenda kuliko zote, Y2@C79N.

Sikilizeni. C80 yenye metali mbili ndani, unatoa kaboni moja ya ganda na kuweka nitrojeni. Nitrojeni ina elektroni moja zaidi ya kaboni. Elektroni hiyo ya ziada haikai kwenye ganda. Inazama ndani na kukaa katikati ya itri mbili, kama uzi unaoziunganisha. Ushahidi uko kwenye mistari: viini viwili vya itri, kila kimoja spini 1/2, vinatoa mistari mitatu kwa uwiano wa 1:2:1, na nafasi kati yake ni militesla 8.2 hivi.

Rudini kwenye post namba 1. Itri ndani ya C82 ilitoa 0.049. Hapa ni 8.2. Metali ile ile, kiini kile kile, kizimba kinachokaribiana kwa ukubwa, na mguso umeongezeka zaidi ya mara 160. Kwa kubadilisha atomi moja tu ya ganda umeihamisha elektroni kutoka ukutani hadi sebuleni. Sijui molekuli nyingine inayokupa uhuru wa kuamua elektroni ikae wapi kwa namna ya wazi hivi. Mwenye kutaka ulinzi anaipeleka ndani. Mwenye kutaka mlango anaiacha nje.

Na ukibadilisha itri kwa gadolini, Gd2@C79N, kila gadolini inaleta spini 7/2, elektroni ya katikati inaleta 1/2, zote zinapangana upande mmoja: 15/2. Ngazi 16 za nishati ndani ya molekuli moja. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba spini hiyo inaweza kuzungushwa kwa mapigo ya maikrowevu, na kasi ya mzunguko inatofautiana kulingana na ngazi unazozigusa. Ngazi nyingi ndani ya molekuli moja ni nafasi ya kuandika zaidi ya kyubiti moja.

#13 MgeniWaFizikia

Nimesoma post 12 mara tatu na nimeielewa! Swali langu la mwisho: vipimo hivi vyote mnavifanya kwenye mrija wenye mabilioni ya molekuli. Kifaa kitatumia molekuli moja moja. Mnavukaje hapo?

#14 MwangwiWaPili

Hilo swali ndilo zito kuliko yote kwenye uzi, na jibu lake bado ni kazi inayoendelea. Nitaje vikwazo viwili ninavyovijua kwa mikono.

Kwanza, kuanza. Kyubiti zinatakiwa zianze zote upande mmoja. Kwenye mashine ya kawaida ya gigahezi 9.5, hata kelvini 5 inakupa ziada ya asilimia 4.6 tu kuelekea upande mmoja; zilizobaki zimegawana sawa kwa sawa. Ukishuka hadi kelvini 0.1 unafika asilimia 98 hivi. Kwa hiyo baridi haiji tu kwa ajili ya T2, inakuja pia kwa ajili ya kuanzia mahali pamoja.

Pili, mahali pa kuziweka. Wazo la kuvutia ni kuzipanga ndani ya mirija ya nano ya kaboni kama njegere kwenye ganda lake. Gd@C82 ilishapangwa hivyo mwaka 2000 na kuonekana kwa darubini ya elektroni. Mstari unajipanga wenyewe, nafasi zinakaribiana. Lakini mrija wenyewe una elektroni zake, na kyubiti iliyoko juu ya kizimba inagusana nazo ukutani kote. Vivyo hivyo ukiiweka juu ya uso wa metali. Hapa hoja ya mleta uzi inarudi kwa sura nyingine: majirani wa kiyeyushi umewaondoa, umeleta majirani wa kifaa. Na hawa huwezi kuwabadilisha kuwa deuteri.

#15 Kizimba82

Kweli kabisa. Na ndiyo maana naona zile zenye elektroni iliyozama ndani, kama Y2@C79N, zitafaa zaidi kwenye mirija na nyuso, wakati La@C82 itafaa pale ambapo umeweka tabaka la kuhami kati yake na metali. Ni mtazamo wangu, na ninaufanyia kazi.

Kusoma molekuli moja ndiko kunakoninyima usingizi. Mwangwi wa kawaida unahitaji spini kwa mabilioni ndio usikike. Kwa moja inabidi ubadilishe swali la sumaku kuwa swali la umeme, yaani mkondo upite au usipite kulingana na spini. Na kwa hilo, tena, elektroni lazima iguse nje.

#16 BiKemia

Wakuu, nimerudi na habari.

Nilianza na hatua ya bei rahisi: sampuli ile ile ya toluini, nimeipunguza mkolezo, nimevuta hewa mara nne kama ulivyosema, mpaka viputo vikaisha. Kisha nikaizamisha kwa mkupuo mmoja. Mrija umetoka unang'aa, unaona upande wa pili. T2 imepanda zaidi ya maradufu papo hapo. Nilisimama pale nikiutazama mrija kwa muda.

Jana nikafanya otho-terfenili ya deuteri. Iliniganda mara mbili ikiwa nyeupe kabla sijapata kioo. Niligundua nilikuwa naiacha ipoe hewani kwa sekunde chache kabla ya kuizamisha. Mara ya tatu niliitoa kwenye maji ya moto moja kwa moja hadi kwenye baridi. Leo asubuhi mwangwi bado unaonekana wazi nikisubiri jumla ya maikrosekunde 100, na juu ya mkia kuna mawimbi madogo madogo ambayo nadhani ni deuteri zenyewe zinasikika. Msimamizi amekuja kuangalia mwenyewe na ameniambia nirudie na itri.

Shida moja imebaki: ishara ni ndogo sana, ndogo kuliko inavyopaswa hata kwa mkolezo huu. Nakusanya saa nzima kwa nukta chache.

#17 Kizimba82

Hongera sana dada! Nimeisoma post yako kwa furaha ya kweli.

Ishara ndogo: unarudia kipimo kila baada ya muda gani? Kwenye baridi hiyo T1 imerefuka sana. Ukirudia upesi, spini hazijapata nafasi ya kurudi upande wao, kila duru inazikuta bado zimesawazika na mwangwi unazidi kusinyaa. Ongeza nafasi kati ya duru, mara kumi ya unayotumia sasa, uone kama kimo cha mwangwi kinapanda. Kikipanda, endelea kuongeza hadi kisimame. Zidisha T1 kwa tano ndio nafasi salama.

#18 BiKemia

Nilikuwa narudia kila milisekunde 1. Nimeongeza hadi 10 na kimo kimepanda palepale. Naenda 100 sasa hivi, mrija bado uko ndani.